Ukurasa wa Mizani

Jumapili, saa kumi na moja jioni, kitabu kilikuwa juu ya goti la Yared. Ulimboka alikiona kabla hajazima pikipiki. Kwenye goti la pili alikaa binti yake, Upendo, mwenye miaka mitano, kichwa kimeegemea kifua cha mjomba wake na kidole kikifuata picha. Pikipiki ikazimika, vumbi la barabara ya Mikumi likatua, na mtoto hakuinuka.

"Upendo," Ulimboka aliita. "Baba amefika."

"Subiri, baba. Kobe bado hajalala."

Yared alisoma mistari ya mwisho bila haraka, kama anavyopiga msasa ubao wa kitanda, kisha akafunga kitabu. Ndipo mtoto akateremka, akaja mbio, akasema shikamoo na kupokea kipande cha mua ambacho baba yake alikibeba kutoka Ruaha.

"Shikamoo, shemeji," Ulimboka akasema. Yared alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, na hapo hapakuwa na njia ya kukwepa.

"Marahaba, mtu wa mizani. Leo umemzuia nani?"

"Waliozidisha."

"Na wewe mwenyewe nani anakupima?"

Ulimboka alicheka kidogo, kwa adabu. Alikuwa karani wa mizani huko Mikumi, kwenye barabara kuu, ambako malori ya Zambia na Kongo hupanda kwenye bamba la chuma moja baada ya jingine, na dereva husikiliza namba kama mshitakiwa anavyosikiliza hukumu. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu moja: namba haina mjomba. Lori limezidi au halijazidi. Kisichoandikwa kwenye risiti hakipo.

Mkewe, Debora, alikuwa muuguzi wa zahanati huko Chanzuru. Aliondoka asubuhi kwa bodaboda na kurudi jioni, na alikaa Kilosa mjini kwenye nyumba iliyo ndani ya ua wa kaka yake. Kwa hiyo kila siku mtoto alipotoka darasa la awali alishinda kwenye karakana ya Yared, kati ya vitanda ambavyo havijapakwa rangi, mpaka mama yake arudi. Ulimboka alikuja zamu zake zilipomruhusu. Mpango huo aliukubali yeye mwenyewe, tena kwa maandishi, kwenye simu. Hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Lakini kitabu kile alikuwa amekinunua yeye. Alikinunua Msamvu, pale stendi ya Morogoro, kwa mchuuzi aliyetandika vitabu juu ya turubai. Kilikuwa chembamba, chenye picha za rangi, na kiliitwa *Kobe na Godoro Lake*. Kobe mmoja amechoshwa na ugumu wa gamba lake. Ananunua godoro, analibeba mgongoni na kuzunguka nchi nzima akitafuta mahali pa kulitandika. Ulimboka alikileta, akamkabidhi mtoto, akarudi kazini. Aliyekisoma mara ya kwanza alikuwa Yared. Na ya pili. Sasa kingo za kurasa zilikuwa zimelainika kama noti ya sokoni, na jalada lilikuwa na alama ya gundi ya mbao.

Jioni ile, kabla ya chakula, Ulimboka alinawa mikono, akakaa kwenye kochi, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Njoo. Leo nasoma mimi."

Upendo alikuja. Akakaa. Ulimboka alisoma kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Kobe akanunua godoro. Kobe akafika mtoni, mto ukamwambia hapa patalowa. Kobe akafika kwenye kichuguu, mchwa wakamwambia hapa tutalila. Akafungua ukurasa wenye picha ya barabara ndefu, tupu, na kobe mdogo kama punje ya maharage. Chini yake paliandikwa sentensi moja tu: *Kobe alitembea siku nyingi.* Akaisoma. Akafungua ukurasa uliofuata.

Mkono mdogo ukarudisha ukurasa nyuma.

"Umeruka."

"Sijaruka."

"Umeruka, baba. Hapa barabarani."

Ulimboka aliinamisha macho, akahakiki. "Kobe alitembea siku nyingi. Basi. Ndiyo yote iliyoandikwa."

"Siyo yote."

"Upendo, mimi najua kusoma."

"Mjomba anasoma yote. Wewe unaruka." Aliteremka gotini, akachukua kitabu, akakikumbatia na kutoka nacho uani, kuelekea kule sauti ya randa ilikotoka.

Kwa miaka minane ya mizani hakuna dereva, wala bosi, wala wakili wa kampuni ya malori, aliyewahi kumwambia Ulimboka kwamba ameruka kitu.

Alimfuata Yared karakanani. Mtoto alikuwa ameshajichimbia nyuma ya kitanda, akimwonyesha kitabu paka.

"Shemeji, unamsomea mtoto mambo ambayo hayamo."

Yared hakusimamisha randa. "Hayamo wapi?"

"Kitabuni."

"Kwani ametaka risiti?"

"Sitanii. Mtoto wa umri huu akifundishwa kwamba kwenye karatasi kuna maneno ambayo hayapo, atakujaje kusoma? Atakuwa anabuni."

"Shemeji," Yared alisema, akapuliza maranda, "kama unataka kujua kilichoongezwa, muulize mwenyewe. Yule pale. Hana siri."

Ilikuwa rahisi tu. Hatua chache, swali moja. Ulimboka alimtazama binti yake akimsomea paka, akatazama mkono wa Yared wenye gundi ukikaa juu ya mbao kwa raha, kama mkono wa mtu aliye kwake. Hakuuliza. Kumuuliza mtoto ni kukiri kwamba kuna jambo kati ya wale wawili ambalo yeye halijui, na Yared alikuwa anasubiri kukiri huko. Hivyo ndivyo Ulimboka alivyousoma ule uso.

Wakati wa kula, Debora alileta habari nyingine. Alizileta pamoja na mboga, bila kuzipa uzito.

"Jumamosi awali wana siku ya kusoma. Mwalimu Generoza anataka kila mtoto aje na kitabu na mtu anayemsomea nyumbani."

"Na ataenda nani?"

"Kaka, nani mwingine."

"Nani kaamua?"

"Upendo. Mwalimu alimuuliza, akajibu. Kwani vipi?"

"Mtoto ana baba."

"Ana baba, yuko Mikumi. Jumamosi una zamu, umeniambia mwenyewe."

"Zamu inabadilishwa. Hakuna aliyeniuliza."

Debora aliweka kijiko chini. "Ulimboka, usianze."

"Kwetu Rungwe mtoto ni wa baba yake."

"Na kwetu milimani mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Hilo hukuambiwa juzi. Siku ya posa ulizungumza na nani? Na mjomba wangu. Baba alikaa pembeni anakunywa chai, na wewe ukamcheka."

Ni kweli, alimcheka. Alimwona mkwewe siku ile na kikombe chake, mzee mpole ambaye hakuna aliyemuuliza neno, na akajiambia kwamba mambo haya ni ya zamani, yatakufa yenyewe. Sasa alitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Alfajiri ya Jumatatu, kabla hajawasha pikipiki, Ulimboka alipita chumbani kwa mtoto. Kitabu kilikuwa pembeni ya mto. Alikiingiza kwenye begi lake la mgongoni, kati ya shati la kazi na chupa ya maji, akafunga zipu. Hoja yake ilikuwa fupi na aliiona haina tundu: mali ni yake, aliilipia mwenyewe Msamvu, na pasipo kitabu, hakuna kusoma, na Jumamosi mwenye kitabu ndiye atakayekuwa msomaji.

Mikumi, kwenye chumba cha mizani, alikisoma kitabu kile kila alipopata nafasi kati ya lori na lori. Alijifunza mahali pa kunyanyua sauti na mahali pa kuishusha. Frank, mwenzake wa zamu, alimkuta anamwiga mchwa.

"Kaka, uko sawa?"

"Najiandaa. Jumamosi nahitaji unishikie zamu."

"Kwa ajili ya kobe?"

"Kwa ajili ya mwanangu."

"Haya, mzee wa kobe. Lakini Krismasi ni yako." Frank alipiga honi ya kumwita dereva, kisha akaongeza, "Huyo mchwa wako ana sauti ya afisa wa kodi. Watoto watalia."

Kila alipofika kwenye ukurasa wa barabara, Ulimboka alisimama. Aliuweka ukurasa kwenye mwanga wa dirisha na kuukagua kama hati yenye mashaka. Barabara, kobe, sentensi moja. Alijaribu kukisia alichoongeza Yared. Pengine simba. Pengine wimbo wa kanisani. Watu wa milimani walilelewa na misheni na hawakosi wimbo. Chochote kile, kilikuwa kitu cha Yared, kilipandikizwa ndani ya kitabu cha Ulimboka, na mtoto alikipenda kuliko kitabu chenyewe. Ukurasa ule ulimuuma kuliko lile goti la Yared.

Jumatano Debora alipiga simu. Nyuma yake mtoto alikuwa analia kilio kile cha kuchoka.

"Kitabu cha kobe hakionekani. Tumepekua mpaka chini ya vitanda vya wateja karakanani. Hujakiona?"

"Tafuteni vizuri."

"Zungumza naye basi, labda atanyamaza."

Simu ilihama mkono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, umekiona kitabu changu?"

Kitabu kilikuwa mezani mbele yake, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa mchwa. Nje, lori la mbolea lilikuwa juu ya bamba, na namba nyekundu zilikuwa zinasubiri kuandikwa.

"Sijakiona," Ulimboka alisema.

Kisha akaandika uzito wa lori lile, sahihi, mpaka kilo ya mwisho.

Jumamosi alitoka Mikumi asubuhi. Nyani walikaa kando ya lami wakisubiri watupiwe maganda. Baadaye akaiacha lami na kushika njia ya Kilosa. Begani alikuwa na begi, na ndani ya begi mlikuwa na kitabu, kimefungwa kwenye gazeti kisikunjike. Maneno alikuwa ameshayapanga. Angefika kabla hawajaanza, angesema kitabu amekikuta kwenye begi lake, pengine mtoto mwenyewe ndiye aliyekitia humo akicheza, na kwa kuwa ameshafika nacho, basi atasoma yeye. Ilikuwa taarifa safi. Ingepita mizani yoyote.

Alichokosea ni mwendo. Karibu na daraja ng'ombe walikuwa wanavushwa, kundi kubwa, wachungaji hawana haraka, na alipofika shuleni alisikia watoto wanacheka. Walikuwa wameshaanza.

Alisimama mlangoni. Watoto walikaa kwenye mkeka, wazazi wachache kwenye madawati ya nyuma, Debora kati yao na sare yake ya kazi. Mwalimu Generoza, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alikuwa kando ya ubao. Mbele, kwenye kiti kidogo cha awali kilichopotelea chini yake, alikaa Yared, na Upendo alikuwa gotini.

Yared hakuwa na kitabu. Alikuwa amefungua viganja vyake viwili na kuvibananisha mbele ya mtoto, na Upendo alivitazama kwa makini kabisa. Mstari ulipoisha alishika kidole gumba cha mjomba wake na kukigeuza, kama mtu anayefungua ukurasa.

"Kobe akafika kwenye kichuguu," Yared alisema, akitazama viganja vyake. "Mchwa wakamwambia: Hapa, mzee, hilo godoro tutalila."

Neno kwa neno. Ulimboka alijua, alikuwa amelikariri wiki nzima.

Upendo akageuza kidole gumba. Ulikuwa ukurasa wa barabara. Ulimboka aliona mgongo wa binti yake ukinyooka.

"Kobe alitembea siku nyingi," alisema Yared. "Akafika Mikumi. Mara akasikia..."

"Piiii!" Upendo alipiga kelele, na watoto wengine wakapokea, maana inaonekana walishaijua kutoka kwake. "Piiii! Simama hapo!"

"Nani huyo anayemsimamisha Kobe?"

"Baba yangu!"

"Amevaa nini?"

"Shati la bluu! Na kalamu mfukoni!"

"Baba yake Upendo akasema: Kobe, panda mizani. Kobe akapanda, mguu mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Baba akatazama namba. Akasema: Kobe, umezidisha. Una mzigo gani?"

"Godoro!" walijibu wote.

"Kobe akalia. Akauliza: Bwana mkubwa, nipunguze nini, godoro au gamba?"

"Gamba!" alisema mmoja. "Godoro!" alisema mwingine, na ukazuka ugomvi mdogo kwenye mkeka. Yared alingoja uishe.

"Baba yake Upendo akafikiri. Kisha akasema: Usipunguze. Pita polepole. Lakini ukifika Kilosa..."

"Nisalimie Upendo!" alisema Upendo.

"Na salamu?"

"Zimefika!"

Ulimboka alikuwa bado mlangoni. Mkono wake ulikuwa ndani ya begi, umeshakishika kitabu; hakukumbuka umeingia saa ngapi. Gazeti likachanika, na sauti ya karatasi ikamfanya Upendo ageuke.

"Baba!" Kisha macho yake yakashuka. "Kitabu changu kile pale!"

Darasa zima likageuka. Debora alitazama kitabu, akamtazama mume wake. Alikunja mikono. Mwalimu Generoza alivaa miwani. Taarifa safi ilikuwa tayari kwenye ulimi wa Ulimboka, imepangwa vizuri, na haikutoka.

"Shikamoo, shemeji," ndiyo iliyotoka.

Yared hakuitikia mara moja. Alimtazama kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka begi, kisha akainua kiganja kimoja juu, kama askari wa barabarani.

"Piiii," alisema. "Simama hapo, shemeji. Una mzigo gani?"

Watoto walianguka kwa kicheko. "Piiii! Piiii! Simama! Una mzigo gani?" Hata madawati ya nyuma yalicheka. Debora hakucheka.

"Kitabu," Ulimboka alisema.

"Ulikuwa nacho wewe?" Upendo aliuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua.

"Nilikuwa nacho."

"Ulisema hujakiona."

"Nilikuwa nimekiona."

Upendo alilipokea jibu hilo. Kisha akashuka gotini kwa Yared, akapita juu ya miguu ya wenzake, akachukua kitabu mkononi mwa baba yake. Alikikagua kama kimechanika. Hakikuwa kimechanika.

"Marahaba, shemeji," Yared alisema sasa, kwa sauti ya kawaida. "Karibu ukae."

Hakukuwa na kiti kingine cha mbele. Ulimboka alipiga magoti kwenye mkeka, na Upendo akafungua kitabu kwenye ukurasa wa barabara na kumwekea mbele ya macho.

"Baba asome pa baba," aliwatangazia wenzake. "Pengine pote ni pa mjomba."

Ulimboka aliutazama ukurasa. Barabara, kobe, sentensi moja.

"Kobe alitembea siku nyingi," alisoma.

Maandishi yaliishia hapo. Upendo alimngoja. Watoto walimngoja. Yared alitazama dari.

"Usiruke," Upendo alinong'ona.

"Akafika Mikumi," Ulimboka alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, ya chumba cha mizani, maana nyingine hakuwa nayo. "Mara akasikia piiii. Simama hapo. Panda mizani." Aliendelea, jambo moja baada ya jingine, kwa mpangilio aliousikia muda mfupi uliopita, shati, kalamu, namba, gamba, godoro, bila kukosea hata moja, akisoma maneno ambayo hayakuandikwa. Alipofika mwisho aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Pita polepole. Ukifika Kilosa, nisalimie Upendo."

"Zimefika!" walisema watoto.

Upendo alitikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayeweka alama ya vema. Akachukua kitabu mikononi mwa baba yake, akarudi mbele, akapanda tena kwenye goti alilolizoea na kumkabidhi mjomba wake. Ulimboka alibaki kwenye mkeka, magoti chini, mikono mitupu.

Yared akafungua ukurasa uliofuata.